Shule ya Kutwa ya Sonara: Mwanangu Alivyosomeshwa Edinburgh

Miaka yangu ya mwanzo ya uuguzi Edinburgh niliitazama Shule ya George Heriot kila alfajiri bila kujua kwamba ni shule. Hospitali ya Royal Infirmary ilikuwa bado iko Lauriston Place, kabla ya kuhamishiwa Little France mwaka 2003, na madirisha ya wodi niliyopangiwa yalitazama ng'ambo ya barabara kwenye jumba kubwa la mawe lenye minara minne pembeni, na nyuma yake, juu ya jabali, ngome ya mji. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu jengo la mawe la kale ama ni boma la Mjerumani ama ni msikiti, kwa hiyo nilichukulia kwamba jumba lile ni sehemu ya ngome na sikuuliza.

Aliyenitoa katika ujinga huo ni mgonjwa, mzee mmoja aliyelazwa kitanda cha dirishani mwaka 2001. Usingizi ulikuwa haumchukui, nami nilikuwa nikimpima shinikizo la damu saa kumi ya usiku, akaninyooshea kidole nje na kuniambia, "Sista, unaliona jumba lile? Nimesoma pale tangu mdogo mpaka nikawa kijana, na mama yangu hakulipa hata peni moja, kwa sababu baba yangu hakurudi kutoka vitani." Akanieleza kwamba watu wa zamani waliliita Heriot's Wark, yaani Kazi ya Heriot, na kwamba aliyelijenga alikuwa sonara. Nilimfunika blanketi, nikaandika vipimo vyake, nikaendelea na kitanda kingine. Maneno yake yalikaa kichwani kwangu miaka sita kabla sijayahitaji.

Mume wangu alifariki mwaka 2007 kwa ugonjwa wa moyo, mwana wetu wa pekee akiwa na miaka minane. Aliswaliwa katika msikiti mkuu wa Edinburgh, ule wa Potterrow karibu na chuo kikuu alichosoma Mwalimu Nyerere kati ya mwaka 1949 na 1952, jambo ambalo marehemu hakuchoka kulisimulia kila tulipopita eneo lile. Nilikaa eda ya miezi minne na siku kumi katika nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, mbali na mama yangu na wifi zangu, na katika ukimya ule ndipo nilipomkumbuka mzee wa dirishani. Nilipomaliza eda, nilikwenda nikauliza.

Nilipata majibu yaliyonishangaza. Wosia wa mtu aliyekufa mwaka 1624 ulikuwa bado unafanya kazi. Mtoto aliyefiwa na mzazi, ambaye nyumbani kwao hakuna uwezo, aliweza kusomeshwa pale bila ada kama mmoja wa watoto wa Wakfu, kwa kuwa hilo ndilo neno pekee la Kiswahili ninaloliona linafaa kwa kile wanachokiita Foundation. Nilipeleka cheti cha kifo, karatasi za mshahara na ripoti za shule aliyokuwa akisoma, na mtoto akaitwa kupimwa uwezo wake wa masomo. Mwaka 2008, akiwa na miaka tisa, alivaa sare ya Heriot kwa mara ya kwanza.

Kabla sijakubali nafasi ile, nilimpigia simu mama mkwe wangu Ngamiani, mtaa wa Tanga, kwa sababu mtoto ni wa kwao na haki ya shauri ni yao. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Mwanangu, mjukuu wangu atasomeshwa kwa sadaka ya watu tusiowajua, tena wa dini nyingine?" Nilimwomba alipeleke swali hilo kwa Maalim, kaka yake marehemu baba mkwe, ambaye maisha yake yote alikuwa akisimamia nyumba mbili za wakfu wa msikiti. Baada ya siku tatu Maalim mwenyewe akanipigia. Hakuniuliza habari za dini. Aliniuliza aliyetoa mali alikuwa na nini, aliisimamisha vipi, na nani anaitazama. Sikuwa na majibu, nikaanza kusoma, na kusoma kule ndiko kulikonifungulia mengi.

George Heriot alizaliwa mwaka 1563, mtoto wa sonara wa Edinburgh, akaishika kazi ya baba yake. Alianza na kibanda kidogo karibu na Kanisa la St Giles. Mwaka 1597 akawa sonara wa Malkia Anne, mke wa Mfalme James VI wa Uskoti, kisha wa mfalme mwenyewe, na kwa kuwa malkia alipenda vito kuliko mfuko wake ulivyoruhusu, sonara akawa mkopeshaji pia. Watu wa mji walimbandika jina la Jinglin' Geordie, kwa mlio wa sarafu mfukoni. James alipoirithi na Uingereza mwaka 1603, Heriot aliifuata nyumba ya kifalme hadi London, na huko ndiko alikofia Februari 1624, baada ya kuzika wake wawili na bila kuacha mtoto wa ndoa wa kumrithi. Sehemu kubwa ya mali yake, pauni 23,000 na ushei, aliiacha mikononi mwa baraza la mji na makasisi wa Edinburgh ili ijengwe nyumba ya kulea na kufundisha watoto wa kiume wa watu wa mji waliofiwa na baba.

Nilisimama hapo nikarudia kusoma. Wosia ule unamtaja mtoto asiye na baba. Hausemi lazima awe amefiwa na wazazi wote wawili, kama watu wengi wa huku wanavyolielewa neno lao la yatima. Kwetu sisi yatima ni huyo huyo, mtoto ambaye baba yake amekufa kabla hajabaleghe, hata kama mama yuko hai na anafanya kazi usiku na mchana. Nilipomweleza Maalim, alinyamaza, kisha akasema taratibu, "Basi mtu huyo alijua yatima ni nani." Halafu akauliza tena: mali yenyewe ilisimamishwa vipi?

Hapa ndipo jambo lilipomgusa kweli. Fedha za Heriot hazikuliwa zikaisha. Dean Balcanquhall, msimamizi wa wosia aliyeandika kanuni za nyumba ile, pamoja na wakuu wa mji, walinunua ardhi kuzunguka Edinburgh, hasa upande wa kaskazini. Ujenzi wa jumba ulianza mwaka 1628, ukasuasua kwa vita, na mwaka 1650 askari wa Cromwell wakalichukua kuwa hospitali ya majeruhi wao. Wavulana wa kwanza, 30 tu, waliingia mwaka 1659, miaka 35 baada ya mwenye mali kuzikwa. Lakini ardhi ilikuwa ikingoja. Edinburgh ilipojengewa Mji Mpya kuanzia karne ya 18, sehemu kubwa ya mashamba yaliyopimwa viwanja yalikuwa ya wakfu wa Heriot, na kila aliyejenga alilipa kodi ya ardhi mwaka hadi mwaka. Mpaka leo mtaa mmoja wa fahari kabisa wa eneo hilo unaitwa Heriot Row. Niliwahi kuupita na mwanangu jioni moja ya majira ya baridi, nikamwonyesha nguzo na taa za milango ile mirefu, nikamwambia kwamba kodi za viwanja kama hivi ndizo zilizonunua mkate wa watoto waliokuwa kama yeye. Aligusa ukuta kwa kiganja kilichovaa glavu, akauliza kama waliomo ndani wanajua.

Maalim aliposikia habari za ardhi na kodi, alisema maneno ambayo mama mkwe alinirudishia baadaye mara nyingi: kwamba mwenye kuacha fedha ameacha maji katika mtungi, na mwenye kuacha ardhi amechimba kisima. Ruhusa ikatoka.

Ninataka kulieleza kwa kirefu zaidi jambo la kutwa, kwa sababu ndilo lililoyaokoa maisha yetu sisi wawili, na naona wengi wanaosifu shule hii hulipita haraka. Kwa zaidi ya miaka 200 nyumba ile ilikuwa bweni. Iliitwa Hospitali, kwa maana ya zamani ya nyumba ya hifadhi, na mvulana aliyechaguliwa aliingia akiwa na umri wa miaka saba au zaidi kidogo, akalala humo, akala humo, akavishwa humo, mpaka alipofikia umri wa kupelekwa kwa fundi kujifunza kazi. Mpango huo ulitoa watu. Henry Raeburn, aliyezaliwa mwaka 1756 akafiwa na wazazi angali mdogo, aliingia pale, kisha akapelekwa kwa sonara kujifunza kazi, na kutoka kwenye picha ndogo ndogo za mapambo akainuka kuwa mchoraji mkubwa wa sura za watu nchini Uskoti, hata Mfalme George IV akampa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1822. Mwanangu alikuwa katika kundi la shule lenye jina la Raeburn, na kila tulipokwenda kwenye nyumba ya sanaa ya taifa alinitangulia mbio kwenye picha zake kana kwamba anakwenda kumsalimia mjomba.

Hata hivyo mimi humfikiria mama yake mvulana wa bweni lile. Alikuwa mjane kama mimi. Alikuwa amempoteza mume, na ili mwanawe ale na asome, ilimbidi amtoe mtoto naye. Ukuta wa Telfer, uliojengwa mara tu baada ya ujenzi wa jumba kuanza ili kuyazungushia maeneo yale, ungali umesimama, na mara nyingi nikimsubiri mwanangu nje nimeutazama kwa macho ya mwanamke huyo. Karne ya 19 watu wa Uskoti wenyewe walianza kuuliza kama ni sawa kumlea mtoto ndani ya ukuta, mbali na jiko la mama yake. Kwanza, sheria ya mwaka 1836 iliruhusu ziada ya mapato ya wakfu ijenge shule za bure katika mitaa maskini ya mji, na zilijengwa kadhaa, zikipambwa kwa mawe ya kuchonga ili zifanane na jumba mama. Halafu mfumo wote ukageuzwa: shule zile za mitaani zikaenda kwa bodi ya elimu ya mji, sehemu ya mali ikasaidia chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, na kuanzia mwaka 1886 jumba la sonara likawa shule ya kutwa. Wengi wa wanafunzi wakawa wa kulipa ada, na watoto wa wosia wakasoma katikati yao bure. Wasichana waliingia mwaka 1979.

Najua mabadiliko hayo yana upande unaouma. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya maskini wasio na baba imejaa watoto ambao wazazi wao wanamudu ada kubwa, na sasa ada hizo zimebebeshwa pia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 tangu Januari 2025, baada ya shule binafsi za Uskoti kuondolewa nafuu ya kodi ya majengo mwaka 2022. Nimewasikia wenzangu wakisema kwamba sonara amesahauliwa, na sikuweza kuwabishia kwa kila neno. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba mwanangu alitoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni. Alikula wali wa nazi niliopika mimi. Aliswali na mimi, alisoma Kurani kwa sauti iliyokuwa ikibadilika mwaka hadi mwaka, na siku nilipokuwa na zamu ya usiku alinipashia chai kabla sijatoka. Kama angezaliwa miaka 150 nyuma, wema ule ule ungemchukua kwangu.

Mila ya shule iliyonipa kazi kubwa moyoni ni siku wanayoiita June Day, siku ya kumkumbuka mwanzilishi katika mwezi wa Juni. Ndani ya ua, juu ya upinde wa lango, amesimama George Heriot wa jiwe, na siku hiyo sanamu hupambwa kwa maua. Chini yake kuna maneno ya Kilatini yanayosema kwamba sanamu hii ni sura ya mwili wangu, na jumba hili ni sura ya roho yangu. Mwaka wa kwanza nilikwenda nikiwa na wasiwasi, kwa kuwa mimi ni Mwislamu na kuvisha sanamu maua si jambo ninalolizoea. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, nikijiambia kwamba nitaondoka mapema.

Sikuondoka. Zumari zao zilipopigwa, zile za mfuko wa ngozi zinazolia hata kifuani, nilisikia zumari ya harusi za kwetu, sauti ile ile ya kukwaruza inayokataa kunyamaza. Watoto waliimba. Hakuna aliyemwomba sanamu kitu. Walimshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyekufa, wakalitaja jina lake na alichokitoa, na nikaona kwamba hiyo ni hitima, ya namna yao, inayosomwa kwa mtu asiyeacha mtoto wa kumsomea. Shada la maua lililokuwa karibu nami lilikuwa la waridi jeupe, na petali moja ilianguka kwenye bega la koti la mwanangu, akaikamata akaitia mfukoni. Niliikuta usiku nilipokuwa nikisafisha mifuko kabla ya kufua, imekuwa kahawia pembezoni. Nimeihifadhi ndani ya msahafu wa baba yake.

Kauli ya shule ni neno moja la Kilatini, Impendo, wanalolifasiri kwamba natoa kwa moyo mkunjufu. Ilinichukua muda kuelewa ukunjufu huo unakaa wapi. Nilielewa kwa kulinganisha na jambo lililotupata mwaka ule ule wa msiba, kabla ya habari za Heriot, kwenye hafla ya kikundi kimoja cha misaada ambacho sitakitaja. Walitualika, wakawaita mayatima jukwaani mmoja mmoja kwa majina, wakawapa bahasha na kuwataka wazishike juu kifuani ili wapigwe picha. Mwanangu alishika bahasha yake kama alivyoambiwa. Tulipofika nyumbani aliivua kanzu mpya niliyomshonea, akaikunja, akaniambia kwamba hataivaa tena, na kweli hakuivaa. Waliotoa fedha zile walikuwa na nia njema, nami niliwaombea dua. Lakini mtoto alirudi nyumbani akiwa ameongezewa kitu juu ya ufukara, nacho ni kuonekana.

Katika miaka tisa ya Heriot, hata siku moja sikusikia mwanangu akitajwa hadharani kuwa mtoto wa wakfu. Koti lake lilikuwa la buluu kama makoti mengine. Kitabu chake kilikuwa kitabu, na alipofanya uzembe katika hisabati aliadhibiwa sawasawa na mtoto wa daktari aliyeketi naye. Alipiga ngoma katika bendi ya zumari, alichezea raga kwenye viwanja vya Goldenacre katika timu ya tatu, akitamani nafasi ya beki wa nyuma iliyochezwa na Andy Irvine, ambaye alisoma pale naye akaichezea Uskoti. Mwaka wake wa mwisho niliwahi kumuuliza kama aliwajua wenzake waliosomeshwa kama yeye. Alifikiri, akataja mmoja tu, rafiki yake wa karibu, na huyo alimjua kwa kuwa mwenyewe alimwambia siku walipokuwa wakizungumza habari za baba zao.

Sasa mwanangu ni mhandisi, na mimi nimestaafu zamu za usiku. Pamoja na wanawake wengine watano wa pwani tunaoishi Uskoti tulianza mwaka 2018 kuchangishana kwa ajili ya watoto wasio na baba huko Tanga, na katika kikao cha kwanza wengi walitaka tutume fedha kila Ramadhani, tupigiwe picha za watoto wakipokea, ili tuliochanga tuone. Niliwaeleza habari za kisima na mtungi, na za kanzu iliyokunjwa. Tulibishana vikao vitatu. Mwisho tulinunua nyumba ndogo ya vyumba vinne Ngamiani, tukaipangisha, tukamweka msimamizi anayetoa hesabu kila baada ya miezi mitatu. Shule za serikali Tanzania hazitozi ada tangu mwaka 2016, lakini sare, viatu, daftari, nauli ya daladala na chakula cha mchana havijipi vyenyewe, na kodi ya vyumba vile inawatimizia hayo watoto wanne. Hatukuwatafutia bweni. Fedha hupita kwa mama, mkononi, na mama ndiye anayenunua.

Mwaka jana nilikwenda kuikagua nyumba, nikapitia kwa mmoja wa kina mama hao. Tuliketi barazani, akanimiminia kahawa, na ilipokaribia magharibi mwanawe akatokea kwenye kona ya mtaa, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani. Alinipa shikamoo, akamuuliza mama yake mgeni ni wa wapi. "Wa kwa bibi yako," mama akamjibu, na mtoto akaingia ndani kuifua shati ya kesho.